Duma Ndani ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungwa tena drafti. Aliyenifunga ni jirani, karani mstaafu wa posta. Mtaani tunamwita Bwana Antena kwa sababu zamani alikuwa na antena ndefu kuliko nyumba yake. Tunacheza kwa simu, yeye sebuleni kwake, mimi sebuleni kwangu, ukuta katikati. Nilikuwa na kingi mbili. Simu ikaganda. Ilipozinduka, kingi hazikuwapo na muda wangu ulikuwa umekwisha.

Baadaye akanichungulia juu ya ukuta. Aliuliza kama simu yangu nayo imestaafu. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yeye siku hizi yuko Duma.

Kampuni yetu ya intaneti huviita vifurushi vyake kwa majina ya wanyama, kufuata kasi: Kobe, Sungura, Swala, Duma. Sisi tuko Sungura. Chai yangu yote ikawa chungu.

Jioni nikalipeleka suala mezani. Nyumba hii inahitaji Duma. Mke wangu akauliza Duma wa kufanyia nini. Nikasema maendeleo. Akauliza kama ni maendeleo ya drafti. Mama mkwe, anayeishi nasi, aliniunga mkono kwa kiasi. Katika tamthilia yake yule tajiri mbaya amekuwa akifa tangu wiki iliyopita. Kila akikaribia kukata roho, anaganda mdomo wazi. Alisema hana haja ya kasi kubwa, anataka tu mtu wa watu afe apumzike.

Kisha mke wangu akatoa habari yake. Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili kwa video. Hospitali mpya inatafuta muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Amekuwa naibu kwa miaka, na mara mbili cheo hicho kimempita juu ya kichwa na kumwangukia mwingine. Aliyasema hayo huku akipangusa meza iliyokuwa safi tayari.

Nilielewa uzito wa jambo. Nilielewa pia kwamba nimepata sababu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu kampuni wakati wa mapumziko, kutoka ghalani. Mimi ni mtunza ghala la vipuri. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti nzuri na maswali mengi. Tuko wangapi? Watatu. Tunafanya nini mtandaoni? Nikasema shughuli mbalimbali za kiwango cha juu. Akaomba mfano. Nikataja tamthilia, drafti, na usaili mmoja.

Hapo akanishangaza. Alisema Sungura anatutosha na kubaki. Alisema hata tungekuwa watu sita, kila mmoja na tamthilia yake, Sungura angetuhudumia. Maisha yangu yote sijaona muuzaji anayekataa kuuza. Nimejiuliza wanamfichia nani huyo Duma.

Akauliza ruta imekaa wapi, ile mashine inayosambaza intaneti nyumbani. Nikasema mahali salama. Akauliza ni wazi, juu ya kitu, au imefunikwa. Nikamwambia hiyo ni habari ya usalama wa nyumba. Akanitakia siku njema.

Ruta iko kwenye kabati la chuma. Nililipata kazini walipoleta mapya, kabati zito, la milango miwili, na kufuli yake. Mwezi uliopita nilimwona Bwana Antena akilitazama dirisha letu kwa muda mrefu, simu mkononi. Siku hiyohiyo nikatoboa tundu la waya mgongoni mwa kabati na kuiingiza ruta ndani, rafu ya kati, pamoja na hati ya nyumba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ghalani tumejifunza zaidi: daftari bila kufuli ni barua ya mwaliko. Funguo hukaa kiunoni mwangu, na haziwahi kutoka hapo.

Tangu hapo hakuna aliyetuibia intaneti. Ila nayo imekuwa nzito. Sungura amezeeka.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mzuri, matokeo mazuri kupita kiasi.

Mke wangu alikuwa afanye mazoezi ya usaili na dada yake kwa video. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha udhaifu wa Sungura mbele ya mashahidi. Kabla hawajaanza nikawasha televisheni, nikamfungulia mama mkwe tamthilia, nikaweka simu yangu ipakue mechi nzima ya zamani ambayo hata siipendi.

Mke wangu akafika kwenye swali la jinsi anavyoongoza wenzake zamu ikiwa ngumu. Akaganda. Shemeji alicheka hadi akakohoa. Alisema anamwona mtu anayeng'olewa jino. Picha ikarudi, ikaganda tena, safari hii jicho moja limefumba. Shemeji akasema sasa dada yake anamkonyeza mwajiri.

Mke wangu hakucheka. Alifunga kompyuta polepole, akakaa nayo mapajani. Alisema safari hii wakimkataa, angependa wamkatae kwa majibu yake. Hata tajiri wa mama mkwe aliganda.

Nikatamka neno Duma, kwa upole. Mke wangu akatamka neno kabati, bila upole. Anataka ruta itolewe. Nikamkumbusha kuwa juzi tu mtu asiyejulikana alisimama getini. Akasema ni msoma mita, amekuwa akija kila mwezi tangu tuoane.

Mama mkwe akaingilia. Mwanangu, alisema, jogoo ukimfungia kabatini usimlaumu kwa kuchelewa kuwika. Nikamheshimu. Lakini nieleze hapa kwamba hatufugi kuku.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu amenitaka niahidi kwamba sitagusa chochote mpaka usaili upite. Nikaahidi. Duma si kitu cha kugusa. Ni huduma.

Nikapita ofisi za kampuni nikitoka kazini. Nyuma ya kaunta kuna picha ya duma mkubwa kama gari. Kijana wa mauzo, tofauti na yule dada wa simu, hakuuliza tuko wangapi. Alinipongeza. Alisema fundi atakuja nyumbani kesho asubuhi kubadilisha ruta, mapema kabisa, na mimi nifike ofisini kutia saini kwa kuwa mkataba uko kwa jina langu. Nikauliza kama mambo yatakuwa tayari kabla ya saa nne. Akasema kwa Duma kila kitu ni kabla.

Sikumwambia mke wangu. Atafungua kompyuta kesho na uso wake utakuwa safi kama picha ya pasipoti. Kisha nitamwambia.

Bwana Antena alinisalimu. Nikamwitikia kama mtu asiye na haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Niliomba ruhusa kazini, nikafika ofisi za kampuni milango ikifunguliwa. Nikatia saini. Kijana akabonyeza kitufe, akasema Sungura ameshakatwa, Duma ataingia mara fundi atakapounganisha ruta mpya. Nikauliza fundi yuko wapi. Akapiga simu. Fundi alikuwa sebuleni kwangu, mbele ya kabati. Alikuwa anauliza funguo ziko wapi.

Zilikuwa kiunoni mwangu.

Barabara ilikuwa imejaa. Nilishuka kwenye teksi nikatembea, kisha nikakimbia, funguo zikilia kama kengele za mbuzi. Watu walinipisha wakidhani kuna moto.

Nyumbani nilimkuta fundi ameketi na mama mkwe, wanakunywa chai na kujadili tajiri mbaya, na fundi amekwisha kumwambia mama kwamba tajiri alishakufa. Mke wangu hayupo. Kompyuta haipo. Nikauliza. Mama mkwe akaelekeza kidevu ukutani.

Nikaenda kwa Bwana Antena. Alinifungulia mlango akiwa amevaa tai. Aliweka kidole mdomoni. Baadaye alieleza kuhusu tai kwamba hakutaka hospitali ione nyuma ya mgombea mtu asiye na adabu, ingawa alikuwa amekaa jikoni muda wote.

Mke wangu alikuwa kwenye kochi la jirani, mgongo umenyooka, anaongea. Nilimsikia akieleza usiku mmoja wa zamu, mapacha wakizaliwa na umeme umekatika, namna alivyogawa kazi na nani alimshika mkono nani. Huwa hausimulii hata kwangu. Kwenye kioo wasaili watatu walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na vichwa vyao viliteremka na kupanda bila kukwama hata kidogo.

Nikajikuta nimesimama jikoni, karibu na friji. Juu ya friji ilikuwa ruta ya Bwana Antena. Haina kufuli, haina kabati. Imeegemea chupa ya siki. Ubavuni ina kibandiko cha kampuni, na juu ya kibandiko kuna picha ya kobe.

Nikamtazama Bwana Antena. Akatazama tai yake. Akaninong'oneza kwamba lile la Duma yalikuwa mazungumzo ya ukutani tu, jirani, mtu mstaafu lazima awe na cha kusema. Yuko Kobe tangu mwanzo. Anaishi peke yake, atakimbilia wapi? Akaniomba nisiwaambie watu mtaani.

Nikauliza mbona basi hunifunga drafti. Akasema labda ni kwa sababu huwa anafikiri kabla ya kusogeza kete. Sikuona uhusiano.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kabati. Fundi akatoa ruta ya zamani, akashika mpya, akauliza aiweke wapi. Nikamwonyesha rafu ya kati. Fundi akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama dari. Fundi akasema anaomba nitie saini mahali hapa, kwamba nimeshauriwa nisiiweke humo.

Mke wangu akarudi. Alinyoosha mkono. Niliweka funguo ndani yake.

Jumamosi, 8 Machi

Ruta iko juu ya friji. Ni uamuzi wa wengi, wawili kwa mmoja.

Kila kitu kinakwenda. Mama mkwe amemwona tajiri akifa mwanzo hadi mwisho na kuzikwa, kisha akalia kidogo kwa sababu alikuwa amemzoea. Shemeji amepiga kwa video, akasema leo dada yake ana macho mawili. Mimi nimecheza drafti mara tatu bila kuganda. Nimefungwa mara tatu, upesi kuliko zamani.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Tulihitaji Duma. Nililisema hilo mezani. Mke wangu akaniuliza kwa nini basi jana Kobe alimbeba bila kumwangusha. Nikasema ni bahati. Akanitazama jinsi anavyomtazama mgonjwa aliyesema hakula kitu na makombo yako kifuani.

Jumatano, 12 Machi

Amepata. Walimpigia akiwa zamu, akaenda kusikilizia chumba cha mashuka. Alipotufikishia habari, mama mkwe alimshika mashavu kama mtoto. Mimi nilimwambia kwamba siku zote nilijua. Akasema anajua kuwa nilijua. Lilikuwa jambo zuri, na nakiri halikunihusu.

Kisha akaoka keki na kumpelekea Bwana Antena. Nzima. Niliitazama ikipita juu ya ukuta.

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu ameanza kazi mpya leo. Ameondoka alfajiri, kiatu kinang'aa. Funguo za kabati kazisahau kwenye bakuli la matunda.

Mimi leo niko mapumziko, nikatafakari. Ruta ya Duma ni mali ya thamani kuliko ile ya kwanza, na imekaa juu ya friji, mbele ya dirisha, kila mtu anaiona. Bwana Antena ameonja keki, sasa atataka na mengine. Tena, Kobe kukimbia vile siku ya usaili, alipata wapi nguvu? Sisemi neno. Lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo ni langu.

Saa tatu nikairudisha kabatini. Rafu ya kati. Nikafunga. Mama mkwe alikuwa bado hajaamka.

Saa nne drafti iliganda nikiwa na kingi moja. Saa tano mama mkwe akaita kutoka chumbani. Tamthilia mpya imeanza, bibi harusi anaingia ukumbini, mguu mmoja hewani, na hashuki.

Imedhihirika. Duma naye amechoka, baada ya siku kumi tu. Siku hizi hawatengenezi vitu vya kudumu.

Nimepiga simu kampuni kuuliza kama baada ya Duma kuna mnyama mwingine. Alipokea yule dada wa sauti nzuri. Alinitambua kabla sijamaliza salamu. Kisha akauliza, taratibu sana, ruta imekaa wapi.

Nikamwambia mahali salama.