Sweta la Baba Xaveria

Jumatatu, 12 Septemba 1988
Daftari, habari za tangu jana. Sisi hapa Nangara wazima. Baba Xaveria mzima, analalamika baridi. Mwanangu Sylvesta mzima, kaenda shamba. Xaveria wangu mzima, ila Ijumaa mradi anakofanya kazi unachagua mpiga chapa mmoja wa kudumu, yeye au mwenzake Romana.

Nilipowapelekea uji wa saa nne ofisini kwao, Xaveria kanionyesha kompyuta. Tatu, zimeungwa kwa waya. Yeye na Romana wanaandikia mbili, lakini barua zote zinalala kwenye ile ya tatu, stoo. Mtoto huyu! Mimi hata redio naogopa kuigusa.

Ila hiyo ya stoo iko uchi. Vumbi lote la Babati ni lake. Watasema Xaveria hana mama.

Jumanne, 13
Dukani hakuna uzi. Nimefumua sweta la Baba Xaveria, nimefuma kitambaa kizito chenye maua. Kauliza sweta liko wapi. Nimesema limefuliwa.

Jumatano, 14
Nimeivisha mashine wakati wanakunywa uji. Imependeza! Hata redio ya padri haijavaa hivyo.

Alhamisi, 15
Balaa. Taarifa ya mradi haifunguki. Ikifunguka, nusu ni alama alama tu. Romana kasema Xaveria kaiharibu. Bwana Alois, mkuu wao, kanuna. Uji wa Romana sikuutia sukari.

Xaveria hakugombana. Akajaribu kwenye mashine yake, ikakataa. Akajaribu kwenye ya Romana, ikakataa vilevile. Akasema basi kosa haliko kwao wawili, liko zinakolala barua. Daktari kabisa! Akafuata waya mpaka stoo, mimi nyuma na sufuria. Akaigusa mashine, moto kama chungu. Akakitazama kitambaa. Akaninong'oneza:

"Mama, sweta la baba linafanya nini hapa?"

Nikasema linazuia vumbi. Akasema mashine inapumulia matundu ya nyuma, nami nimeyaziba. Akaivua, akaizima, ikapoa. Taarifa akaitoa kwenye nakala aliyoiweka kwenye diski. Bwana Alois alipouliza, akajibu ni joto tu. Hakunitaja. Mtoto wa kuzaa huyu.

Ijumaa, 16
Kachaguliwa! Bwana Alois kasema hajaona mtu anayetafuta kosa kwa utulivu vile. Nimelia mpaka uji umeungua.

Nimelifikiria sana kosa langu. Ni sufu. Sufu ina joto. Safari hii natumia pamba, vitambaa vya makochi navifumua leo. Ila maua yawe mekundu au ya kijani? Daftari, nijibu upesi. Jumatatu nazivisha zote tatu.