Tume ya Kuchagua Kumbukumbu za Mujinga

Siku mke wangu Mujinga alipofariki, kabla majirani wa mtaa wetu wa Kapata hawajamaliza kupanga viti nje ya nyumba yetu, nilitangaza kuundwa kwa Tume ya Kudumu ya Kuchagua Kumbukumbu za Marehemu Mtandaoni. Rais wa Tume nilikuwa mimi, Barnabé. Wajumbe wengine hawakuwapo. Uchaguzi ulipita kwa utulivu.

Uzoefu sikuwa nao. Nilikuwa karani wa kampuni ya shaba hadi nilipostaafu, na kompyuta ya ofisini ilikuwa ya mkubwa wangu. Lakini mtu asiyeweza kulia mbele ya watu lazima ajitafutie shughuli. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikawaalika ndugu watume picha, video na sauti za Mujinga. Tume ingebakisha zilizo bora, ili asisahaulike.

Nilisoma mtandaoni maelekezo kwa wanaoanza kazi hii. Yalisema kwamba kuchagua ni kuondoa. Tunaishi karibu na bwawa la umeme la Nzilo, kwa hiyo umeme ukakatika, na sikusoma zaidi.

Kumbukumbu zikaanza kuingia. Mujinga akisonga bukari, ugali wetu, jasho usoni: ilikataliwa, mavazi si rasmi. Mujinga akicheka, pengo wazi: ilikataliwa kwa heshima ya meno. Mujinga akisinzia kanisani: ilikataliwa ili kulinda uhusiano mwema na parokia.

Kisha ikaja video ya matanga. Kwetu wajukuu wana haki ya kumtania marehemu palepale kwenye kilio. Mjukuu wetu Mechack, anayechimba kobalti, alijifunga kitenge cha bibi yake, akatembea kama yeye, mkono kiunoni, akaiga sauti yake: "Barnabé! Weye prezida wa kiti, toka pale, mi nifagie!" Kilio kizima kilicheka. Tume iliifuta video hiyo kwa kosa la kudhalilisha taasisi.

Baadaye akaja Henriette, mdogo wake Mujinga, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Hakuomba miadi.

"Shemeji, juu ya nini unafuta bitu bya yaya?"

"Tume inalinda hadhi ya marehemu."

"Tume gani? Si ni weye na ile simu yako?"

"Maamuzi hupitishwa kwa kauli moja."

"Ehe! Na sauti yake, yenye alikuwa anakuita ukuje kula, nayo ulifuta?"

"Ilikuwa na kelele za sufuria."

Henriette aliniangalia, akaacha kutania. "Yaya alikuwa na kelele, shemeji. Ule mwenye unabakisha pale, ni muke wa nani?"

Akaenda zake. Nikafungua kundi ili nimjibu kwa ushahidi. Ilikuwa imebaki picha moja, ya kadi ya mpiga kura, ambamo Mujinga anatazama kama mtu anayeulizwa kosa asilolifanya. Kwingine kote kuliandikwa kwamba ujumbe umefutwa na msimamizi. Nilitafuta ile sauti juu, nikaitafuta chini. Haikuwapo. Msimamizi alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba tangu matanga hakuna aliyetuma kitu. Katika taarifa zangu nilikuwa nimeuita ukimya huo nidhamu. Kumbe ukoo wote ulishahamia kundi jingine, alilofungua Henriette, na huko walikuwa wanacheka na kulia bila kibali.

Nikaandika ombi la kujiunga. Mechack alinipigia simu mimi babu yake.

"Nkambo, tunakukubalia. Lakini hautakuwa prezida."

"Hata makamu?"

"Hata makamu. Hata mwenye kupanga biti."

Nikakubali masharti, pamoja na hilo la viti. Henriette akaituma ile sauti upya. Sufuria ikagonga, kisha Mujinga: "Barnabé, bukari inapoa, kuya."

Sasa mimi ni mwanachama wa kawaida. Kila mtu anaweka anachotaka, na mimi nasikiliza.