Mpango Wangu wa Kupanua Avenue

Jumanne, 23 Mei 2000

Redio imesema asubuhi hii: majeshi yote mawili ya wageni yanayogombea mji wetu yataondoka Kisangani, kilomita mia kila moja kwa upande wake. Kaswera, mke wangu, alipiga magoti akamshukuru Mungu. Mimi nilichukua futi ya kupimia nikatoka barabarani.

Maana vita vikiisha, watu watarudi. Boti zitapanda tena kutoka Kinshasa. Wachuuzi watashuka kutoka Banalia, Opala, hata kwetu Butembo. Mji utafura kama mikate kwenye mafuta. Na malori yatapita wapi? Avenue yetu hapa Kabondo ina mita sita na nusu. Nimepima mara mbili. Aibu!

Donc nimechora mpango, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Avenue ya mita kumi na nne. Mitaro. Taa. Kila jirani atarudisha uzio wake nyuma mita tatu na sentimita sabini na tano. Mimi sitarudisha kitu, kwa kuwa duka langu la misumari na kufuli liko kwenye kona, na kona haiguswi. Ni bahati tu.

Kaswera aliuliza kama mpango unaonyesha bati letu linalovuja. Haoni mbali, maskini.

Alhamisi, 25 Mei

Mkutano uwanjani kwangu, saa kumi alasiri. Kaswera alipika lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Walikuja wengi, nadhani kwa ajili ya lituma. Nilieleza mpango kwa saa nzima. Mama Pélagie, chef wetu, yaani mkuu wa avenue, aliuliza choo chake kitaenda wapi. Nilimjibu kwamba maendeleo hayasimami mbele ya choo. Nilikosea. Mama Pélagie ana ndugu wengi.

Kisha Hubert akasimama. Hubert ni jirani yangu wa mkono wa kushoto, mtu wa mto, mzaliwa wa Isangi. Ameendesha boti miaka ishirini na miwili. Sasa boti hakuna, anauza samaki wa kukaushwa pamoja na mke wake Émilie. Hakuwa na karatasi hata moja! Alisema tu kwamba mji huu ulizaliwa na mto, kwa hiyo tuanze kando ya mto: ngazi tatu za mawe pale pirogi, yaani mitumbwi, zinapoegeshwa, ili kina mama wenye mizigo wasianguke kwenye matope. Ngazi tatu! Huo ni mpango? Wakapiga makofi.

Kura za rais wa komite ya maendeleo: Hubert kumi na saba, mimi mbili. Yangu na ya Kaswera.

Ijumaa, 26 Mei

Kaswera anasema yeye alimpigia kura Hubert. Alisema hivyo huku akikoroga pondu, majani ya muhogo, bila hata kuinua macho.

Sasa kura ya pili ni ya nani? Kuna mtu mmoja mwenye akili kwenye avenue hii, naye anajificha. Nimewatazama wote usoni. Hakuna aliyefanana na mwenye akili.

Jumapili, 28 Mei

Watu hawaamini karatasi, wanaamini macho. Kwa hiyo alfajiri, kabla ya misa, nilipigilia vijiti arobaini kuonyesha mstari mpya, vingine ndani ya viwanja vyao. Juu ya kila kijiti, kitambaa chekundu, kionekane vizuri.

Kilionekana vizuri mno. Saa kumi na mbili na nusu nilisikia kelele. Mtu alikuwa amepiga ukunga kwamba kuna mabomu yametegwa ardhini. Avenue nzima ikakimbilia parokiani, wengine na magodoro kichwani, mbuzi wa Mama Pélagie mbele yao. Nikakimbia na mimi. Ningefanya nini?

Hubert peke yake hakukimbia. Alipita kijiti kwa kijiti, aking'oa, akicheka hadi akaketi chini. Alikuja parokiani na furushi lote kwapani, akaniambia mbele ya padri: "Papa Isaïe, batu iko nakimbia kikwembe ya bibi yako!" Kweli, vitambaa nilivikata kwenye kikwembe, kitenge cha Kaswera cha zamani. Nilifikiri cha zamani. Kaswera anasema ni cha Noeli.

Hatusemeshani. Leo nimekula mikate ya sokoni.

Jumatano, 31 Mei

Nimekata shauri kuwapita majirani. Nimewaandikia waangalizi wa UN barua, nikiomba tingatinga moja, lililotumika si kitu. Nilivaa koti la harusi nikaipeleka mwenyewe. Mzungu mmoja mwekundu kwa jua alinisikiliza hadi mwisho, mkalimani akitazama dari. Alitazama ramani. Alinishukuru. Akanipa chupa ya maji, lita moja na nusu, bado imefungwa.

Msaada wa kwanza wa kimataifa! Nimeiweka juu ya kabati. Haifunguliwi hadi siku ya uzinduzi.

Jumamosi, 3 Juni

Majeshi hayajaondoka. Hubert anachimba shimo nyuma ya nyumba yake. Alikwenda juzi upande wa mto Tshopo kuuza samaki, akaona mizinga inasogezwa mbele badala ya kurudi nyuma. Anaita shimo lake andaki. Mimi naita kampeni. Rais wa komite hana ramani, hana futi, kwa hiyo anachimba, na kila mtu anayepita anasema huyu ndiye mchapakazi.

Nilimwambia kwamba mji unaojiandaa kukua hauchimbi mashimo. Alijifuta jasho akasema: "Bon, ndugu yangu. Ikianza, kuya na mama Kaswera. Nafasi yenu iko."

Nilimjibu kwamba sina haja.

Jumatatu, 5 Juni

Saa nne asubuhi ilianza. Mzinga wa kwanza niliudhani ni mlango wa duka. Wa pili ulichukua bati letu lote, linalovuja na lisilovuja. Nilimshika Kaswera mkono, na ramani, na daftari hili, na chupa. Tuliruka uzio wa Hubert. Ndani ya shimo tuko watano: Hubert, Émilie, Mama Pélagie, Kaswera, mimi. Magoti ya kila mtu yako kwenye mbavu za mwenzake.

Mji wetu, vita vya wageni. Wanapigana juu ya vichwa vyetu kana kwamba hatumo.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 7 Juni

Siku ya tatu. Umeme hakuna, bomba halitoi maji. Chupa ya UN ilifunguliwa jana bila uzinduzi. Émilie anagawa kwa kifuniko: kifuniko kimoja asubuhi, kimoja mchana. Mama Pélagie anasali rozari, na kila mlipuko unamrudisha mwanzo.

Ili tusisikie, Hubert na mimi tunabishana. Yeye mto, mimi barabara. Aliniambia barabara zangu zitafika mtoni halafu zifanye nini, zinywe maji? Nilimwambia ngazi zake zitapanda kutoka mtoni halafu ziende wapi? Kaswera alicheka. Tangu kikwembe alikuwa hajacheka.

Ndipo Hubert akasema, taratibu, kwamba kura ya pili ilikuwa yake. Nilifikiri ananitania. Akasema: "Mutu kujipigia kura yeye mwenyewe ni haya. Na siwezi kuacha jirani yangu na kura moja mbele ya batu."

Nilimwambia basi kisheria matokeo yachunguzwe upya.

Ijumaa, 9 Juni

Hubert amekufa.

Naandika ilivyokuwa. Chupa iliisha jana. Kisima cha masista kiko mita mia mbili, na tulikuwa tumekubaliana zamu: Mama Pélagie alikwenda jana, leo mimi. Saa tatu mizinga ilinyamaza. Hubert akasema ni sasa. Nilikuwa namwonyesha Émilie mfereji wa maji ya mvua kwenye ramani, nikasema dakika mbili, namaliza. Dakika mbili tu. Aliniangalia, akachukua bidoni, dumu letu la maji. "Maliza mutaro yako," akasema. "Miye naenda."

Bomu lilipoanguka nilijua.

Nilitoka mimi na Mama Pélagie. Hubert alikuwa amelala kwa ubavu kando ya njia, kandambili moja mguuni, kama mtu aliyechoka. Bidoni ilisimama karibu naye, imejaa, haina hata tundu. Tulimweka juu ya baiskeli ya toleka, ya kubeba abiria, iliyotupwa njiani, tukamsukuma nyumbani, yeye upande mmoja, bidoni upande mwingine. Émilie hakulia. Alimwosha uso kwa maji yale. Yaliyobaki tukanywa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Makaburini hakufikiki. Tulimzika mchana mbele ya nyumba yake, karibu na uzio, kwenye udongo laini. Mbao nilitoa kwenye rafu za dukani. Sanduku lilihitaji misumari kumi na miwili. Nilipigilia thelathini na mmoja. Kaswera ndiye aliyenishika mkono akasema inatosha.

Jumapili, 11 Juni, Pentekoste

Kimya tangu jana. Unasikia hata nzi. Wa Msalaba Mwekundu wanapita kuokota maiti, pua zimefungwa vitambaa. Misa ilisomwa chini ya mbingu, kwa sababu paa la parokia liko uwanjani. Padri alijaribu kuhubiri juu ya ndimi za moto, akaacha.

Kwenye avenue nyuzio kumi na moja zimelala chini. Choo cha Mama Pélagie hakipo. Nilisimama katikati nikitazama, na mkono ukaingia mfukoni wenyewe ukatoa futi. Mita kumi na tatu na nusu. Mungu anisamehe, nilipima.

Baada ya misa Mama Pélagie aliwakusanya waliobaki. Alisema komite inahitaji rais na kwamba hakuna mwingine anayetaka. Nimechaguliwa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa na hotuba tayari tangu mwezi wa tatu. Niliiacha mfukoni.

Émilie aliomba neno moja. Alisema Hubert alikuwa anataka zile ngazi tatu. Nilimshika mikono yote miwili nikamwahidi. Nimeziandika kwenye mpango leo hii hii, kwa wino. Awamu ya sita.

Alhamisi, 15 Juni

Siku tatu sikufungua daftari. Nilisaidia kurudisha mabati ya watu. Misumari niligawa bure, duka sasa ni tupu. Kila nikipita kwa Hubert namsalimu, halafu nakumbuka.

Leo asubuhi nilipima tena, kwa sababu malori hayatangoja tumalize kulia. Kuna shida. Kaburi linaingia ndani ya avenue mpya kwa mita moja na sentimita kumi. Nilimwambia Kaswera. Aliuliza shida ni kaburi, au ni mimi? Akaingia ndani, akafunga mlango. Chumba hakina paa, nilimsikia vizuri akilia.

Nilifikiri kutwa nzima. Kumhamisha Hubert? Kamwe! Mtu aliyenipa kura, aliyekwenda kwenye zamu yangu. Nilikaa kando yake pale, nikamwuliza ana maoni gani. Émilie alikuwa kwenye kigoda chake upande wa pili, hanitazami, anang'oa majani kaburini moja moja.

Na hapo ikaja, kamili, kama mtu amenipigia kofi!

Rond-point, mzunguko wa barabara. Katikati kabisa, Hubert. Duara safi, ukingo wa mawe, maua, taa nne. Kila lori kutoka Banalia litalazimika kupunguza mwendo na kumzunguka, na kila dereva atauliza huyu ni nani, naye ataambiwa. Nani mwingine katika Kisangani nzima ana heshima kama hiyo? Nimechora hadi jioni. Nimechora vizuri kuliko siku zote. Karatasi ililowa mara mbili, nikaikausha.

Duara la mita kumi na nane. Nimejaribu kulipunguza, malori hayatapinda. Kwa hiyo jiko la Émilie litaondoka, na nusu ya chumba anacholala. Nusu tu, ile ya upande wa barabara.

Kesho mapema nitavaa koti la harusi niende kumweleza, polepole, na ramani mkononi. Atafurahi sana.