Almasi Iliyonuka Mnanaa

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyefungua shajara hii, nakusihi, funga mdomo! Hata mkeo asijue. Kibarua changu kinaning'inia kwenye uzi.

Leo maabara imeletewa almasi, ndogo kama ukucha wa mtoto. Nikasoma hati: "Almasi yenye kasoro." Salaale! Profesa kauziwa mbovu! Na Mtunza Stoo, anayeniita Karani wa Majaribio mbele za watu, kaipokea akitabasamu. Ngoja! Nikimwokoa Profesa, ataniajiri moja kwa moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisugua kwa dawa ya meno, kama shangazi anavyosugua pete yake. Dawa yote imekwisha. Inameremeta! Nimeirudisha kimya kimya.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu! Almasi imekuwa kiziwi!

Profesa kapiga ukelele hadi mlinzi kaja mbio. Kumbe kasoro ndizo alizoagiza! Akatueleza: ndani mna vipengo, atomu ya kaboni imetoka, jirani yake ni naitrojeni. Vipengo hivyo ndivyo masikio. Husikia sumaku hafifu kupita kiasi. Lakini viko karibu na uso, na uso ulikuwa umevishwa oksijeni kwa ustadi. Uso ukichafuka, masikio husikia kelele tupu. Sasa unanuka mnanaa!

Akaamuru kila mtu apanue kinywa, anuswe. Mtunza Stoo: mnanaa mtupu! Akaapa kwa kaburi la babu yake, wapi. Kafukuzwa maabara. Zamu yangu ikafika. Lakini mimi sikupiga mswaki, dawa iliisha! Profesa akarudi nyuma, akasema mwanangu, wewe huna hatia, ila nenda kasukutue.

Mlangoni Mtunza Stoo akaninong'oneza: "Karani, za mwizi arobaini."

Alhamisi, 6 Machi

Profesa kaichemsha almasi kwenye asidi kali, kaivisha oksijeni upya. Inasikia! Nimelia chooni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeajiriwa! Na ufunguo wa stoo ni wangu!

Almasi nyingine imefika. Hati inasema: "Kasoro chache mno." Lahaula! Profesa atazimia! Lakini safari hii somo limeniingia: kasoro ni mali. Nimeazima nyundo na msumari kwa shangazi.

Ukinihitaji, usipige simu ofisini. Pitia uani, gonga dirisha la stoo. Ukisikia nyundo, subiri. Ukisikia kimya, nenda kwa shangazi, unichungulie chini ya kitanda.