Ushuhuda wa Mguu wa Dada

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi nilizaliwa na bahati. Mvua ikinyesha, matone yananikwepa. Nikigonga mlango wa mbinguni, hata mkono sijaushusha nasikia karibu!

Mkutano wa uamsho umepiga hema nyuma ya soko. Mhubiri anafundisha kuomba bila kuchoka: mlango ukikaa kimya, gonga tena. Jirani yangu kinyozi alishuhudia sikio la mama mkwe wake kuzibuka. Sasa amepewa utepe wa mkononi na kiti cha mbele, chini ya feni. Sikio! Tena moja! Mimi nina dada mwenye sukari, na kidonda cha mguu kisichofunga tangu mwaka jana. Mguu mzima. Kinyozi atanikoma.

Jumanne, 5 Agosti

Kumbe kuna utaratibu. Shuhuda za Jumapili huandikishwa Jumanne, kwa fomu, mezani kwa mke wa mhubiri. Nikisubiri dada apone kwanza, nafasi zitaisha. Nikaandika amepona. Imani ni kutangulia!

Fomu ikauliza kama bado anatumia dawa. Nikajaza: ameacha. Mke wa mhubiri akanitazama juu ya miwani. Akataka kujua nani kamwachisha, maana wao hawamwachishi mtu dawa. Aliyeponywa hurudi kwa daktari akapimwe. Nikasema daktari mwenyewe kabaki mdomo wazi. Akagonga muhuri. Mimi ni wa tatu, kabla ya kwaya!

Jumatano, 6 Agosti

Sina raha. Kudanganya kanisani ni dhambi, na mimi si mtu wa hivyo. Njia ni moja: kuufanya uongo uwe kweli.

Nikamwambia dada mhubiri kasema aache sindano na vidonge. Aliacha kushona, akaniuliza, mdogo wangu, kasema hivyo kwa mdomo wake? Nikaapa. Akauliza namwombea mara ngapi. Nikasema alfajiri, mchana na jioni. (Niliomba mara moja. Nikasinzia katikati.) Machozi yakamlengalenga. Akanikabidhi dawa zote ndani ya kopo la vifungo, akasema tangu mama afariki hakuna aliyemhangaikia kama mimi.

Nilitoka kifua mbele. Hatua kumi tu, kikarudi ndani.

Ijumaa, 8 Agosti

Mguu umevimba. Kidole gumba kimekuwa cheusi. Harufu. Na bado anashona, koti langu la Jumapili! Pedali ya cherehani anaikanyaga kwa mguu wa kushoto, ule usio na kidonda.

Nimefunga tangu asubuhi hadi saa nne. Kisha nikapiga magoti na kuomba kweli, bila kusinzia, mpaka magoti yakafa ganzi. Gonga, gonga. Kimya.

Kinyozi akaingia. Kwanza akaniita Mheshimiwa Mguu. Halafu akauona. Akanivuta nje, akasema jirani, huyu mama anaoza, mpeleke hospitali. Nikamwambia hicho ni kijicho. Akavua utepe wake, akanitupia: chukua, na kiti chukua, na feni, ila mpeleke leo. Nikanusa mtego. Nimewahi kudanganywa mimi? Nikamrudishia.

Jumapili, 10 Agosti

Hatukufika hemani. Asubuhi dada alianza kuzungumza na marehemu mama, akimuuliza vipimo vya gauni. Nikambeba mgongoni hadi barabarani, kinyozi akishikilia miguu. Mzito hakuwa. Hilo ndilo lililonitisha.

Daktari aliuliza nani kamwachisha dawa. Nikatazama ukuta. Dada, macho kayafumba, akasema ni yeye mwenyewe, alisahau.

Wameukata. Juu ya goti.

Jumanne, 12 Agosti

Dada amezinduka. Kitu cha kwanza akauliza kama nimekula. Nikatoka nikalia kwenye korido mpaka msafishaji akaniambia kaka, inua miguu nipige deki.

Mke wa mhubiri alikuja. Akamshika dada mkono, akaomba kwa sauti ya chini, bila haleluya. Kwangu akasema neno moja tu: nisiisogelee meza yake tena.

Nikakaa, nikafikiri. Mtu alikuwa wa kuzikwa, leo anaomba uji. Huo si muujiza? Sikio litasimama wapi mbele ya huo? Na Jumanne ndiyo hii, fomu zinafungwa saa kumi. Nikazungukia kwa mpiga kinanda, yeye naye ana fomu. Nikaandika: alikufa, akafufuka. Kwenye kutembea nikajaza: anatembea. Nimeshaanza kumuulizia gongo la kutembelea, ili Jumapili isiwe uongo.

Chini kabisa fomu inataka sifa za mwombaji. Nikaandika: mtu mwenye bahati, hujibiwa upesi. Kalamu ikagoma, nikaitikisa, ikaandika.

Humu ndani ya daftari lakini hasomi mtu. Hujibiwa nini? Bahati sina, wala sijawahi kuwa nayo. Niliandika uongo.