Futi Kumi na Mbili za Bomba

Siku hiyo Redio alitoa habari kabla ya kuagiza chai, na Redio akisahau chai ujue mambo si madogo. Jina lake la ubatizo ni Koome. Hilo la Redio alipewa kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata mahali pa kumzimia.

"Boila za chai nazo sasa zina kipande, kama sisi," alisema, akijibana kwenye benchi nje ya hoteli ya Ahmednoor, katika soko dogo chini ya Maua. "Tangazo liko ofisini kwa D.O. Boila yoyote ya biashara isiyo na karatasi ya usalama inafungwa. Mkaguzi anakuja kesho."

"Inafungwa wapi?" akauliza Cicily wa maziwa, akitua debe lake. "Kambi za kizuizi zote si zimejaa watu?"

Ahmednoor, mwenye hoteli, alisema fomu anayo tangu Jumatatu, kurasa nne, na amekwisha kuijaza. Huyo ni Msomali anayetunza risiti zake zote ndani ya mkebe wa biskuti, hata za viberiti, kwa hiyo kupewa fomu kwake ni sikukuu. Akawasomea. Boila ilizaliwa wapi, nani aliitengeneza, imewahi kupasuka, inabeba presha kiasi gani. Redio alilalamika kwamba boila imeulizwa kwa adabu kuliko alivyoulizwa yeye siku ya kuchujwa na askari, tena hakuna aliyeibana ikiri kama imekula kiapo cha msituni.

Aliyecheka zaidi ni Kaberia Spana, fundi aliyeifunga boila ya Ahmednoor. Alicheka mpaka swali la kumi na moja.

"Bomba lililonunuliwa, futi arobaini," Ahmednoor akasoma. "Nimeandika kwa wino, risiti ipo. Lililofungwa, futi ishirini na nane. Nimepima mwenyewe. Lililobaki ni kiasi gani, na liko wapi? Hapo nimekuachia wewe, Fundi. Wanataka na sahihi yako."

Kicheko kilimkauka Spana mdomoni. Mwaka huo bomba la chuma lilikuwa baya kuliko bunduki yenyewe, maana watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na Serikali, walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji. Njuki wa Karurumo, dereva wa lori, alilala ndani wiki mbili kwa ajili ya pampu ya baiskeli.

Redio akapiga hesabu haraka, kana kwamba kuna aliyemtuma. Futi kumi na mbili ni bunduki sita. Cicily akasema nane, zikikatwa fupi. Spana akawaomba, tafadhali, wateremshe sauti, halafu waache kabisa kuhesabu.

Basi wakaanza kumsaidia, na msaada wa benchi lile Mungu akuepushe nao. Aandike limeliwa na kutu. Kutu gani hiyo, ya mwaka mmoja? Aandike limeibwa. Haya, mbona hakuripoti? Kutoripoti nako kuna kifungo chake. Cicily akashauri futi zile zilizofungwa ziongezwe tu zifike arobaini, lakini Ahmednoor akaikumbatia fomu kifuani. Wino ni wino, akasema, na mahali palipofutwa ndipo Mzungu huanza kusoma.

Ukweli ni kwamba kila mtu pale alijua bomba liko wapi, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kutazama ng'ambo ya barabara, penye posti ya homgadi, askari wa kienyeji wa Serikali. Mwaka uliopita mgeni mkubwa alikuwa anakuja kuikagua posti, na hakukupatikana mti ulionyooka wa kutwekea bendera. Hedimani Muriithi, mkubwa wao, alilitoa lile bomba begani kwa Spana, akasema atamwekea salama, akalipaka rangi nyeupe na kulisimika. Tangu hapo, bendera ikipanda au kushuka, firimbi inalia na soko zima linasimama wima.

Sasa Spana aandike nini? Akimtaja Hedimani, amemwita mwizi kwa maandishi. Akiandika hajui, kesho yuko kwenye lori la kambi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Spana aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Wakiwa katika hali hiyo akafika Hedimani mwenyewe na askari wawili, kuweka sahihi ya shahidi. Alisoma fomu akiifuata kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye kumi na moja.

"Spana," alisema, na hakuwa anatania. Jambo lenyewe alikuwa amelisahau kabisa. "Futi kumi na mbili za bomba ziko wapi?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alizimika. Ahmednoor alipangusa mfereji wa boila ambao ulikuwa unang'aa tayari.

Firimbi ikalia. Wote wakasimama, kofia mkononi, wakageukia posti. Hedimani akapiga saluti. Bendera ilianza kuteremka polepole, ikaacha bomba likiwa jeupe na peke yake, na pale juu kabisa yakaonekana meno ya skrubu aliyoyakata Spana kwa mkono wake.

"Hedimani," Spana akasema chini chini, bila kugeuza uso. "Tunaziangalia."

Firimbi ya pili ililia, watu wakakaa. Mkono wa Hedimani ulibaki kwenye paji la uso, kama umesahauliwa huko. Mwishowe aliushusha, akaomba kalamu, akajaza pengo lile mwenyewe: *Futi kumi na mbili. Ziko chini ya ulinzi wa Serikali.* Akatia sahihi, akampa Spana atie yake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Redio alingoja avuke barabara. Saa ya kafiu, ya kila mtu kujifungia ndani, ilikuwa imekaribia na Cicily ameshainua debe lake.

"Hapa kwetu wamezuiliwa wengi," Redio akasema, akimalizia chai ya Spana. "Lakini hilo bomba ndilo la kwanza kupigiwa saluti na aliyelikamata."