Kichocheo cha Daktari Harms

Jumatatu, 6 Machi. Erlangen.
Siku ya sita ya Kwaresima bila bia. Sijamlalamikia mtu. Leo Profesa Kestler katangaza: Ijumaa atachagua kichocheo kimoja cha kutoa haidrojeni kwenye mafuta yanayoibeba. Changu, au cha Daktari Wiebke Harms. Mshindi ataandikwa jina kwenye hati ya uvumbuzi. Miaka ishirini na tatu nawapimia wasomi platinamu yao. Jina langu lipo kwenye koti la maabara tu!

Huyo Wiebke, mwanamke mgeni kutoka kaskazini, ana miaka thelathini. Kaniambia tuache mambo ya Bwana Dötterl na Daktari, tuitane Alfons na Wiebke. Yeye ndiye wa kusema? Kwetu mkubwa ndiye anayetoa ruhusa hiyo. Nimemjibu nitafikiria.

Jumanne, 7 Machi.
Nimefikiria. Salfa huua platinamu, kila mtu wa maabara anajua. Alipokwenda kula nimezitilia punje zake za platinamu matone mawili ya maji ya salfa. Karudi, kauliza nani kaleta kabichi iliyooza. Nikasema ni chakula changu. Jioni Salamu Maria kumi, maana uongo ni dhambi.

Ijumaa, 10 Machi.
Bwana nihurumie. Punje zake zimetoa haidrojeni mara moja na nusu ya zangu! Mafuta yamebaki safi. Profesa anasema kuna kitu kimeziba pembe zile za platinamu zinazoharibu mafuta, zikabaki zinazofanya kazi. Kamuuliza Wiebke kafanyaje. Hajui. Ninayejua ni mimi. Nikisema, nimejishtaki. Nikinyamaza, hati ni yake.

Wiebke kanunua keki, kama desturi ya mwenye furaha. Kanikatia kipande kikubwa kuliko cha Profesa.
"Alfons, bila mikono yako nisingefika."
Alfons! Mbele ya watu! Keki nimeila. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 11 Machi.
Nimeungama. Padri akauliza, "Mwanangu, unajutia tendo au matokeo?"
Sikutaka kudanganya kanisani. Matokeo, nikasema. Akaniambia basi Jumatatu nikamweleze mama wa watu ukweli. Nikaahidi.

Jumatatu, 13 Machi.
Nimewahi kazini saa moja kasoro, nimweleze. Hakuwapo. Punje zake mpya zilikuwapo.
Kosa langu lilikuwa uchoyo. Leo nimetia matone ishirini.